Makubaliano ya baba na shirika la uhifadhi

Pole kwa msiba, ndugu. Umeuliza kama ahadi ya marehemu baba kwa shirika, kwamba shamba la Kitengela, Kenya, halitawekwa uzio ili wanyama wapite, inawafunga nyinyi warithi. Anza na msajili wa ardhi: omba upekuzi rasmi wa hati. Kama sharti hilo la kutoweka uzio limesajiliwa, linafuata ardhi, hata mkiuza. Kama halimo, msikubali kutishwa kwa karatasi tu. Mpelekeeni wakili aisome. Angalieni pia rehani ya benki, na kama ilisajiliwa kabla ya sharti hilo au baada yake.

Mahakama ikiweka sharti hilo yenyewe, Sheria ya Mazingira ya Kenya ya 1999 inampa mwenye ardhi haki ya kudai fidia. Daini! Na mama ashirikishwe kabla hamjasaini chochote kipya.