Mchu na heroe: nani hodari wa chumvi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na kaka yangu tunabishana. Yeye anasema hakuna anayeyaweza maji ya chumvi kama heroe. Mimi nasema mchu, ule mkoko wenye majani ya kijivujivu kwa chini. Ananicheka eti mti na ndege havilinganishwi. Tuamulie.

JIBU: Marahaba. Vinalinganishwa, tena vizuri, maana vyote viwili vina tezi za kutolea chumvi.

Mizizi ya mchu huizuia chumvi nyingi isiingie. Ile inayopenya hupanda hadi majanini na kutolewa na tezi zilizoko huko. Siku ya jua kali chuma jani, uligeuzegeuze kwenye mwanga: utaona chembe nyeupe zinazometameta. Lilambe. (Mimi hulamba kila nikipita, wajukuu wangu wanaona akili zimenihama.)

Tezi za heroe ziko kichwani, juu ya macho. Huchuja chumvi ya ziada kutoka kwenye damu, ikachuruzika puani pamoja na majimaji.

Ila heroe ana mbawa. Akishikwa na kiu ataruka kwenda kutafuta chemchemi isiyo na chumvi, na hata ikiwa ya moto hunywa. Mchu haubanduki ng'o. Tope lake halina hewa, kwa hiyo mizizi ya kupumulia huchomoza juu kama penseli, ikingoja maji yapwe ipate kuvuta pumzi.

Kwenye watoto ndipo kaka yako anaposhindwa kesi. Mbegu ya mchu huanza kuota ikiwa bado ndani ya tunda, juu mtini. Ikidondoka, ganda hubambuka na mche hushika tope upesi. Kifaranga wa heroe mdogo hana bahati hiyo. Mwaka 1962, katika Ziwa Magadi nchini Kenya, magadi yaligandamana kwenye miguu ya vifaranga yakawa pingu, wakashindwa kutembea. Ilibidi watu waingie ziwani kuzivunja pingu hizo, ndipo maelfu wakaokoka.

Nampa mchu ushindi. Lakini kwenye maziwa ya magadi ambako heroe hao hushinda wakila, mchu hauoti kabisa. Kaka yako akitaka kukata rufaa, aanzie hapo.