Namba iliyo ndani ya duara la rangi

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Makala yangu kuhusu maji ya visima Kigamboni ilitoka mwaka juzi katika jarida la nje, na hadi leo imenukuliwa mara 2 tu. Ukurasa wake una duara la rangi la Altmetric (mfumo unaofuatilia makala inavyotajwa magazetini, kwenye blogu na mitandaoni) lenye namba 14. Naweza kuiweka kwenye maombi ya kupanda cheo? Na mbona makala yangu ya jarida la hapa nyumbani haina duara, ilhali ilizunguka sana WhatsApp?
Mhadhiri, Dar es Salaam

JIBU: Iweke, ila si namba tupu. Bofya duara uone 14 imetoka wapi. Kwa kawaida habari ya gazeti huhesabiwa alama 8, blogu 5, waraka wa sera 3, Wikipedia 3. Kwako huenda ni kipande chekundu cha gazeti (8), cha zambarau cha sera (3) na cha kijivu cha Wikipedia (3). Hata ukitajwa katika kurasa tano za Wikipedia, ni 3 ileile. Wasomaji wa Mendeley (programu ya kutunzia marejeo) huonyeshwa pembeni tu, hawaongezi alama.

Mbele ya kamati, hicho cha zambarau ndicho chenye uzito, japo gazeti limekizidi alama. Fungua waraka wenyewe, tafuta ulipotajwa, uone wamekutumiaje: wamechukua kiwango cha chumvi ulichopima, au jina lako limetupwa tu kwenye marejeo? Andika hilo kwa sentensi moja, pamoja na jina la waraka, ukurasa, na tarehe uliyotazama, maana posti zikifutwa namba hushuka. Usiiite alama ya ubora. Aliyekusifu na aliyekuponda wanahesabiwa sawasawa.

Hiyo makala ya jarida la nyumbani karibu bila shaka haina DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni. Mifumo hii hufuata hasa kitambulisho hicho. Pasipo nacho, kelele zote hazina pa kushikia. WhatsApp nayo ni chumba kilichofungwa, hakuna anayehesabu humo, hata ungekuwa na DOI kumi.

Muulize mhariri kama jarida limejiunga na Crossref, shirika linalosajili DOI za majarida. Ada si kisingizio tena: tangu Januari 2023 Crossref ina mpango wa kuwasamehe ada wanachama wa nchi zenye uwezo mdogo zaidi kiuchumi, na Tanzania imo. Makala za zamani pia zinaweza kupewa DOI, lakini yaliyosemwa kabla ya hapo kwa kiasi kikubwa yamepotea. Unaweza kuiweka Zenodo, hifadhi ya wazi ya kazi za utafiti mtandaoni, upate DOI bure (kwa ruhusa ya jarida), ila jarida likija kutoa ya kwake utakuwa na mbili, na kila moja itahesabiwa kivyake.

Ukiipata DOI, mwandishi wa gazeti akikuomba makala mpe kiungo kinachoanza na https://doi.org/, na umwombe akiweke ndani ya habari yenyewe. Ukimpa faili la PDF, ataandika "utafiti mmoja umebaini", basi.