Kishikwambi mezani, vipande mkononi

Mwanangu mdogo alipokuwa na miaka minne, niliamini anajua kuhesabu. Kwenye simu yangu kulikuwa na mchezo wa kuhesabu matunda, na kila nilipopita nilisikia makofi na vigelegele vya ushindi. Siku moja nikiwa jikoni nikamwambia, "Mwanangu, niletee vitunguu vinne." Akaja na vyote vilivyomwenea mikononi. Nikamkalisha nimtazame anavyocheza ule mchezo wake, ndipo nikaelewa: alikuwa anabonyeza namba moja baada ya nyingine mpaka simu ishangilie. Wala hakuwa na haja ya kuyaangalia yale matunda.

Sikumlaumu, nilijilaumu mimi. Nilikuwa nampa simu ili nipate nafasi ya kupika, na yeye akajifunza kile mchezo ulichomfundisha, yaani kubonyeza.

Mwaka huohuo kaka yangu alikuja likizo kutoka Uingereza akawaletea wapwa zake boksi la Osmo. Kwa asiyeijua: unasimamisha kishikwambi kwenye kitako chake, juu ya kamera ya mbele unapachika kioo kidogo, na kamera inaanza kuangalia chini, mezani. Mtoto anapanga vipande halisi juu ya meza, programu inaviona na kumjibu kwenye skrini. Waliobuni kitu hiki, Pramod Sharma na Jérôme Scholler, waliwahi kufanya kazi Google, na kampuni waliianzisha mwaka 2013.

Ukilipata boksi la kununua, uliza kwanza kitako kinakubali kishikwambi cha aina gani, maana cha iPad hakimfai mwenye Fire ya Amazon. Kava nene utalivua. Pakua michezo yote ukiwa na intaneti nzuri kabla hujawaita watoto. Halafu mwanga: kamera inataka meza yenye mwanga wa kutosha na isiyo na maua mengi. Sisi tulianza kwa kutandika khanga, vipande vikawa havionekani vizuri. Tulipoitoa tukabaki na meza tupu karibu na dirisha, kazi ikaenda.

Mchezo uliotufaa kuliko yote ni tangramu, ile ya vipande saba: pembetatu tano, mraba mmoja na msambamba mmoja. Skrini inaonyesha umbo, mtoto analijenga. Dada mtu, aliyekuwa na miaka sita, aligundua mwenyewe kwamba pembetatu mbili ndogo zikiunganishwa zinatoa mraba, kisha akazisogeza zikatoa msambamba, akazisogeza tena zikatoa pembetatu kubwa zaidi. Aliruka! Msambamba ndio uliomtesa, kwa sababu wakati mwingine kuuzungusha hakutoshi, lazima uupindue upande wa pili. Nilitamani kumshika mkono nimwonyeshe. Nashukuru nilijizuia, nikamuuliza tu, "Umejaribu kuugeuza?" Kwangu hili ndilo gumu kuliko kutafuta hela ya boksi: kukaa kando ya mtoto, kumwacha ahangaike kidogo, usimtatulie.

Mchezo wa maneno ulinipa kazi zaidi, maana picha ni ya mbuzi na neno linalotakiwa ni la Kiingereza. Mdogo alipanga MBUZI vizuri kabisa na kishikwambi hakikumpongeza. Nikakizima, nikatandika mkeka, tukacheza na herufi zenyewe. Hapo tukakutana na jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: boksi lina kila herufi mara mbili, na Kiswahili kinapenda irabu. Huwezi kuandika "karatasi" kwa a mbili, sembuse "barabara". Q na X zimekaa bure. Tukakata a, i na u nyingine kwenye katoni la sabuni, tukachora na kile kikoma cha juu cha "ng'ombe". Watoto walijifunza kusoma zaidi kwenye mkeka ule kuliko kwenye skrini.

Kwa hiyo kama boksi lenyewe huna, usisikitike. GCompris ni programu ya bure, haina matangazo, na ukishaipakua unacheza bila bando. Ina tangramu na ina mchezo wa mizani. Kata vipande saba vya katoni, mtoto atatue kwa mkono kwanza, kisha ahamishie kwenye skrini. Mizani sisi tulitengeneza kwa henga ya nguo na vikombe viwili vya mtindi, tukapima maharage kwa karanga. Kuhesabu tulirudi kwenye vizibo vya soda: skrini ikionyesha matunda matano, mtoto anaweka vizibo vitano mezani ndipo abonyeze. Kubahatisha kulikwisha siku ileile.

Sisemi kwamba kishikwambi peke yake hakifundishi. Hapa kwetu Tanzania, mkoani Tanga, kuna ushahidi mkubwa. Shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 hivi, kwa miezi 15. Wengi wao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana ushindi. Lakini kumbuka zilikuwa programu zilizotungwa kwa ajili ya kufundisha, kwa lugha ya mtoto, na kila kijiji kilikuwa na akina mama waliopewa dhamana ya kuvitunza na kuvichaji. Ule mchezo wa makofi kwenye simu yangu haukuwa na lolote kati ya hayo.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora. Kwetu ni nusu saa baada ya chai ya jioni. Umeme ukikatika, vipande vinabaki mezani na mchezo unaendelea.

Kabla ya kufunga boksi tunahesabu vipande, na mhesabu ni yule mdogo. Wiki iliyopita alipata sita, akakataa kwenda kulala, mpaka tukauona msambamba chini ya kochi.