Nyie mnaosaka mali za Mjerumani, sogeeni hapa

Tabora tena. Vijana wamefukua mwembe wa watu hadi mizizi inaning'inia, kisa mzee fulani kawauzia ramani ya mabehewa ya dhahabu ambayo eti Mjerumani aliyafukia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nimeiona: imechorwa kwa bolpeni! Wadogo zangu, nawapenda, ila mnachosha.

1. Ramani hainunuliwi. Anayejua dhahabu ilipo anatafuta sururu, hatafuti mteja. Halafu pigeni hesabu. Mwaka 1916, vita imembana, Mjerumani alifyatua hapa Tabora sarafu za rupia 15, zile za tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka 16,198, kila moja gramu 7 na kidogo. Zote pamoja hazifiki kilo 120, na robo ya uzito huo si dhahabu. Nyingi ziko kwa wakusanyaji siku nyingi. Sasa hayo "mabehewa ya dhahabu" yalijazwa nini?

2. Balansi kwanza mashine yako ya kusaka metali, yaani irekebishe isilie kwa udongo wenyewe, hasa kwenye udongo mwekundu wenye changarawe za chuma.

3. Sarafu haisuguliwi. Hapa mnivumilie, maana bado inaniuma. Niliokota sarafu ya Mjerumani ya hela 20 ya 1916, ile yenye herufi T ya Tabora, pembeni ya shamba la mtama. Ilikuwa na ukoko wa kijani, taji linaonekana kwa mbali. Mimi na ujuaji wangu nikachukua limau na majivu, nikaikalia kitako uani, nasugua kwa gunzi huku naimba. Jioni inang'aa, hata shemeji akaisifia. Nikapanda basi hadi Dar kwa mnunuzi mmoja, mzee mpole. Akaiweka chini ya lenzi, akaigeuza, akaigeuza tena. "Umeioshea nini, mwanangu?" Nikamweleza kwa madaha, hadi habari ya gunzi. Akairudisha kwa ncha ya kidole, akaniagizia chai. Hakutaja bei, na mimi sikuthubutu kuuliza. Ule ukoko ndio aliokuwa anautaka. Nilichompelekea kilikuwa kipande cha shaba nyeupe ya mabomba. Chai niliinywa yote, kwa sababu nauli ya kurudi ilikuwa haitoshi na nilihitaji kumkopa.

Kwa hiyo: maji safi, kitambaa laini, basi. Na hata maji, uliza kwanza.

4. Ukikuta kitu kirefu, kizito, chenye ncha, usikigonge. Mizinga ya Königsberg, meli ya vita ya Mjerumani, ilitolewa Rufiji mwaka 1915 ikasambazwa vitani hadi bara, na mabomu hayastaafu. Ita polisi.

5. Magofu na maboma yana Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Shamba lina mwenyewe. Omba ruhusa, na mgao uandikwe kabla sururu haijagusa ardhi. Ndugu wa mwenye shamba huongezeka ghafla kitu kikipatikana.

6. Mnaniuliza kama kazi hii inalisha. Inalisha, ila si kwa Mjerumani. Mimi nakula kwa bikoni, zile alama za mpaka wa shamba au kiwanja. Nondo ya bikoni ikifukiwa, majirani wakianza kutishiana mapanga, mpima ardhi ananipigia. Nabeba mashine, napata mlio, wanachimba wenyewe. Hela naichukua kabla hawajaona bikoni imeangukia upande wa nani.