Tumepata barua ya uhamisho, tunaagaje?

Wapendwa wasomaji, mwisho wa mwaka huu barua zimekuja za jambo moja tu, kuhama. Familia za wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa, hadi watoto wameandika. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu niliisoma nikaiweka chini, nikaichukua tena usiku.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mke wa mchungaji wa Kilutheri, tuko huku milimani Rungwe mwaka wa 8 sasa. Jumatatu mume wangu kaitwa ofisini karudi na bahasha, tunahamishiwa Kyela upande wa Matema, tuwe tumeripoti Januari. Yeye kakubali palepale, anasema mchungaji ni wa dayosisi sio wa usharika na ukitumwa unakwenda. Mimi nimekubali kwa mdomo ila moyo bado. Tulikuja na mtoto mmoja tunaondoka na watatu na mwingine tunamuacha, yaani wetu wa pili alifariki ana miezi 4 tukamzika hapa kwenye makaburi ya usharika chini ya mparachichi, kila Jumamosi nikimaliza kufagia kanisa napita namng'olea majani. Sasa namuacha na nani? Binti mkubwa anaingia darasa la saba, amenuna haongei na baba yake wiki nzima. Halafu kuna mama wa kwaya tuligombana mwaka juzi kwa hela za sare, mpaka leo tunasalimiana kwa macho tu, mume wangu anasema niache Mungu atamaliza. Mama mimi naona bora tupakie vitu usiku tuondoke alfajiri, hiyo ibada ya kuaga siiwezi. Nitakuwa nakosea?
Mama wa watatu na mmoja, Rungwe

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole ya mtoto kwanza, maana nahisi watu wengi wamekupa pole ya kuhama na hiyo nyingine wameshaisahau.

Usiondoke alfajiri. Nakwambia kwa sababu mimi niliondoka. Tumehama mara 5 katika utumishi wa mume wangu, na mara ya pili nilikuwa na moyo kama wako, nikamwambia mume wangu siwezi kusimama mbele ya watu wote nilie, tukapakia kwenye Fuso saa tano usiku, saa kumi na moja alfajiri tukawa barabarani. Nilijiona nimeokoka. Miaka miwili baadaye niko sokoni Mbeya mjini, mama mmoja wa usharika ule akanishika mkono, hakunisalimia, akaniuliza "Mama Mchungaji, tulikukosea nini?" Kumbe asubuhi ile alikuja na kuku, kamfunga miguu kwa kamba ya mgomba, katembea na umande kutoka mtaa wa mbali kabisa ule wa ng'ambo ya mto, akakuta mlango una kufuli. Akakaa kizingitini na kuku wake mpaka jua likatoka. Alivyonisimulia alikuwa analia na mimi nikalia palepale kwenye nyanya za watu. Kilio nilichokikimbia kilinisubiri miaka miwili, na yule mama nilimbebesha aibu ambayo haikuwa yake.

Soma Matendo 20, mwanangu, kaisome polepole na mume wako. Paulo alikaa Efeso miaka 3, alipokuwa anaondoka moja kwa moja akawaita wazee waje Mileto, akawaambia yote, akapiga magoti wakaomba, wakamwangukia shingoni wakalia sana kwa sababu aliwaambia hawatamwona uso tena. Halafu wakamsindikiza mpaka merikebuni. Hakuna aliyewaambia jikazeni. Kama Paulo alililiwa, wewe uliyewafundisha mabinti wao kushona na ukawakandia wazazi waliojifungua utaachaje kuliliwa? Waache walie, na wewe lia. Ukishindwa kuongea kwenye ibada kaa tu, mume wako aongee, hakuna aliyesema mke wa mchungaji lazima ashike maiki.

Sasa mtoto. Hili ndilo nataka ulifanye kabla hujafunga hata sanduku moja.

Kwanza kaburi lijengewe, hata kidogo, na jina liandikwe kwenye saruji na tarehe zake. Msalaba wa mti kwa mvua za Rungwe hauna maisha, unaoza, nyasi zinafunika, halafu siku moja usharika unataka kupanua jengo na kamati mpya haijui hapo pana nini. Mwambie mume wako ahakikishe kwenye daftari la usharika la mazishi mtoto ameandikwa vizuri, na wazee wawili waonyeshwe mahali kwa macho yao. Hayo ni ya karatasi. La moyo ni hili, usiliachie kaburi "usharika". Usharika ni watu wote na kazi ya watu wote haina mtu. Tafuta mama mmoja, yule unayemjua mwenyewe, ambaye siku ya msiba alikaa na wewe chini bila kusema kitu, mwambie nakuachia mwanangu. Useme hivyohivyo. Huyo atang'oa majani hata akiwa na miaka 80 na akizeeka atamwambia binti yake.

Halafu jioni moja kabla ya kuondoka nendeni wote, wewe na baba na watoto watatu, bila wazee, bila kwaya. Mume wako siku hiyo avue kola aende kama baba. Sisi wake za wachungaji tunasahau kwamba na wao hawajawahi kulia, maana siku ya msiba walikuwa wanafariji watu waliokuja kuwafariji. Watoto waambie huyu ni ndugu yenu, tunahama lakini tutakuja kumuona, na mpange kabisa ni lini. Kutoka Matema kupitia Ipinda mpaka Tukuyu ni safari ya siku moja, kwenda na kurudi. Sio kwamba unakwenda Ulaya.

Yule mama wa kwaya, nenda kwake. Mume wako nampinga hapa, kwa heshima yake yote. Mungu anamaliza lakini mara nyingi anamaliza kwa miguu ya mtu aliyekwenda. Nenda mchana akiwa nyumbani, peke yako, usibebe zawadi ikaonekana unanunua msamaha, na usifungue habari ya hela za sare ilikuwa ngapi na nani alishika, maana mkianza hesabu mtagombana upya. Mwambie tunaondoka, nimekuja kuaga, na kama kuna neno nililokuumiza nisamehe. Basi. Akikukaribisha kaa, akikujibu mlangoni shukuru uondoke. Kama kuna daftari la mchango ule lipo kwako likabidhi kwa mtunza hazina kwa maandishi na lisainiwe. Tena yote yakabidhiwe hivyo: madaftari ya ubatizo, kipaimara na ndoa, stakabadhi, muhuri, vyombo vya Meza ya Bwana, hati ya kiwanja, wazee wakiwepo na kila mtu abaki na nakala. Nimeona familia nzuri kabisa ikisemwa miaka kwa ajili ya kengele moja ambayo haikuandikwa.

Binti wa darasa la saba, msichelewe. Mtihani wa taifa wa la saba unafanyika Septemba na usajili wa watahiniwa unafanyika mapema, akishasajiliwa shule fulani kumhamisha ni kazi kubwa. Kwa hiyo wiki hii hii, kabla shule hazijafungwa, baba aende kwa mwalimu mkuu aanze taratibu za uhamisho, namba yake ya PReM, ile ya usajili wa mwanafunzi, ni yake inahama naye kwenye mfumo. Kuna watu watawaambia mwacheni kwa mzee wa kanisa amalizie. Mimi nilimuacha wangu wa pili hivyo hivyo, kwa watu wazuri sana, alishiba, alifaulu. Leo ni mtu mzima na bado anasema "ule mwaka mlioniacha". Mchukueni.

Na kununa kwake mumheshimu. Amekaa hapo toka hana meno ya mbele, marafiki zake wote ni wa hapo. Mpeni siku yake ya kuaga, apike ndizi za mbalaga na karanga na marafiki zake nyuma ya nyumba, mkae mbali.

La mwisho kwako, mnatoka kwenye baridi mnashuka ziwani, ni joto, na mbu ni wengi. Watoto waliokulia milimani miili yao haijazoea malaria, ikiwapata inawaangusha haraka kuliko watoto wa kule. Vyandarua vifungwe usiku wa kwanza kabla hata ya kutafuta sufuria, na homa yoyote nenda ukapime siku hiyohiyo, usitulize na panadoli ukangoja kesho. Mablanketi mazito waachie bibi kizee wa hapo. Halafu ukifika, siku ya soko Matema wakina mama wa Kikisi wanaleta vyungu vyao kwa mitumbwi, nenda kanunue cha maji, kaa nao waulize wanavyofinyanga. Usingoje watambulishwe kwako kanisani. Mimi kila usharika nilioanzia sokoni niliupenda mapema, ule nilioanzia madhabahuni nimesimamishwa na kitenge kipya ulinichukua mwaka mzima.

SWALI: Mama, Bwana asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa. Mchungaji wetu alihamishwa mwaka jana baada ya miaka 9, tulimuaga vizuri na ng'ombe. Shida bado watu wanampigia yeye harusi, misiba, hata ugomvi wa ndoa, na yeye anakuja. Mchungaji mpya ni kijana, hasemi kitu lakini naona amenyong'onyea. Na sasa mwinjilisti wetu naye anahama, kamati imepanga kila kaya 20,000, watu wananung'unika. Tufanyeje?
Mzee wa kanisa

JIBU: Asifiwe milele, baba. Hilo la kwanza mliache kumsingizia mchungaji wa zamani peke yake, wanaompigia ni nyie. Nenda umuone, wewe na mzee mwingine mmoja, mwambieni kwa upendo kwamba asije bila kuitwa na aliyepo, na akipigiwa simu ya msiba ajibu "mmeshamwambia mchungaji wenu?" Neno hilo moja linatosha. Najua linauma, mume wangu alikuwa anazima simu analala kifudifudi. Mtu umembatiza, umempa kipaimara, unasikia anaoa na wewe haupo. Lakini 1 Wakorintho 3 imesema mmoja alipanda mwingine akatia maji, na anayetia maji hawezi kazi kama mpandaji amesimama shambani kila siku.

Harusi ya familia yake ya karibu aje, ila kama mgeni, akae na wageni, kijana aendeshe ibada. Na nyie wazee mpelekeeni huyo kijana ugomvi mmoja mgumu wa kweli, akiumaliza watu wataona wenyewe.

Michango: futeni hiyo 20,000. Kaya yenye mjane na wajukuu watano mnaidai sawa na ya mwenye duka? Wekeni kapu, kila mtu atoe alichonacho, mchele, mahindi, debe la maharage, bahasha, na majina yasisomwe na kiasi. Hela itakayopatikana kwanza lipeni gari la kuhamisha vyombo. Wainjilisti wengi posho zao mnazijua, kumpa mtu ngao ya ukutani halafu akope nauli ya Kenta sio kumuaga.

SWALI: Shikamoo bibi. Niko form two, baba ni mchungaji na hii ni shule yangu ya 4. Kila nikizoea tunahama. Siku ya kuagwa huwa tunapangwa mbele kanisa zima linatuangalia, natakiwa nitabasamu. Sitaki tena kutafuta marafiki, naona haina maana. Nimekosea?
Kijana, sitaki nitajwe mkoa

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hujakosea, umechoka. Shule nne ni nyingi na hakuna mtu aliyekuuliza.

Sikwambii usisikitike. Nakwambia umwambie baba yako, na umwambie mkiwa wawili, labda mkiwa njiani au mnapalilia, sio mezani. Mwambie "baba siku ya kuaga naomba nisisimame mbele, nikae na vijana wenzangu wa kwaya mpaka mwisho." Atakubali. Wababa wengi wachungaji wanadhani watoto wamezoea kwa sababu hawajawahi kusikia kinyume. Na muulize yeye anaachaje marafiki zake, usikie atakachokujibu, inawezekana hajawahi kuulizwa.

Marafiki wale, chagua wawili tu, usijaribu kuwabeba wote. Andika namba za wazazi wao kwenye daftari, sio kwenye simu tu, simu zinapotea. Likizo ya Juni omba uende kwa mmoja wao wiki moja, na yeye Desemba aje kwenu. Mwanangu wa mwisho alifanya hivyo na rafiki yake wa darasa la sita, juzi ndiye aliyekuwa msimamizi wake wa harusi.

Na huko muendako, jumapili ya kwanza usikae na mama yako benchi la mbele. Kaa nyuma na wavulana wanaochelewa. Ukishajua kama kwaya yao ya vijana ina mpiga kinanda au wanakuhitaji, niandikie.