Kampuni kubwa ikisamehewa kodi, pengo linazibwa na nani?

Ndugu uliyeuliza kama misamaha ya kodi kwa wawekezaji inamgusa mtu wa kawaida, mimi ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Jinja, Uganda, na nakujibu kwa ninayoyaona.

Nikinunua umeme wa Yaka, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, ujumbe unaingia kwenye simu: tokeni, yuniti, na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18. Kiwanda kilichosajiliwa VAT hudai hiyo pesa irudi. Mauzo yangu hayafiki kiwango cha kusajiliwa, kwa hiyo yangu hairudi. Naitia kwenye bei ya geti, na anayeibeba ni mwalimu anayemalizia nyumba yake.

Sasa tazama Bujagali, bwawa la umeme la jirani yetu hapa mto Nile, megawati 250, lililokamilika 2012. Lilisamehewa kodi ya mapato miaka mitano tangu 2017, na muda ulipoisha 2022 Bunge likaongeza. Tuliambiwa ni kushusha bei ya umeme, na kweli bila msamaha ule bei ingepanda zaidi. Lakini mkataba wa kuuza umeme unataka mtambo ulipwe kwa kuwa tayari kuzalisha, hata umeme usipochukuliwa. Maana yake, hata mashine yangu ikizimwa, malipo yale yanaendelea, na yako ndani ya bei ya kila yuniti ninayonunua.

Hazina nayo lazima ipate pa kuchukua. Mwaka 2018 ilikuja kwetu: kodi ya asilimia moja kwenye mobile money, baadaye nusu asilimia, na shilingi 200 kwa siku kwa anayefungua WhatsApp. Wateja wangu wakaanza kuniletea noti mkononi, na mimi nikapanda bodaboda na pesa mfukoni kwenda kununua vyuma, roho juu.

Mwaka 2019 Bunge likaidhinisha hati za ahadi za malipo, yaani serikali kuahidi kulipa baadaye, za dola milioni 379 kwa mwekezaji wa hospitali ya Lubowa, njia ya Entebbe. Ujenzi ulipangiwa miaka miwili. Wabunge walipokwenda kukagua 2021, walizuiwa kuingia. Deni lile limesimama kwa jina letu.

Ninachotaka ni kila msamaha utangazwe: nani kapewa, kiasi gani, hadi lini, na ajira ngapi zimepatikana. Mwaka jana nilichelewesha leseni siku tisa. Nikaomba kulipa kwa awamu mbili, karani akaniambia sheria haina subira, akatia kufuli mlango nilioutengeneza mwenyewe.