Ukame una tarehe yake: kwa mnaoanza kazi ya nafaka Nakuru

Vijana wangu wa Njoro na Rongai, nimepitia fomu zenu za msimu huu. Safu ya maoni imejaa neno moja: "ukame". Basi. Waliowatangulia waliandika vivyo hivyo. Nawapenda, lakini hili sasa liishe.

1. Andika ukame ulipiga lini. Mahindi yakikosa maji yangali ya magotini, hudumaa kisha mvua ikirudi hujikwamua. Yakikosa maji wakati wa kuchanua, hapo ni hasara. Mbelewele, yaani ua la dume juu ya mmea, humwaga poleni (unga wa uzazi) kwa wakati wake, nywele za hindi huchelewa kutoka, na poleni hukosa pa kutua. Mmoja wenu alirudi kutoka Rongai akasema mvua ya msimu ilitosha, kwa hiyo kosa ni la mbolea. Jumla ya mvua kweli ilikuwa nzuri. Nikamrudisha shambani. Mama mwenye shamba akavunja hindi, akalimenya mbele yake: ncha tupu, katikati mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. "Mwanangu, mbolea niliweka. Jua lilikaa hapa nywele zikitoka." Mama alikuwa amemaliza uchunguzi wote. Kila unywele ni wa punje moja. Ukikauka kabla ya kupata poleni, punje hiyo haipo, na mvua ya baadaye haiwezi kuirudisha. Siku hizi kijana huyo haendi shambani bila kisu. Nywele zikishatoka kwa siku kadhaa, hupasua maganda taratibu, akayaondoa, akalitikisa hindi. Nywele za punje zilizochavushwa huanguka, zisizochavushwa hung'ang'ania. Zikibaki nusu, mavuno unayajua kabla hata gunia halijanunuliwa. Namwonea fahari sana.

2. Pima unyevu kabla ya kuandika kilo. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 likikaushwa hadi 13.5, hubaki kilo 83 hivi; zilizopotea ni maji tu.

3. Msishangilie protini ya ngano kabla ya kuishika punje yenyewe. Maji yakikatika wakati punje zinajaa, wanga ndio hupungua zaidi, punje husinyaa, na asilimia ya protini hupanda. Tuseme hekta moja imetoa tani 4 zenye protini asilimia 11: hiyo ni kilo 440 za protini. Ya jirani iliyochomwa na jua imetoa tani 2 zenye asilimia 14: kilo 280. Nani amepata? Mwenye kinu naye atapata pumba zaidi na unga pungufu. Joto likizidi nyuzi 30 wakati huo huo, gluteni yenyewe, ile protini inayofanya kinyunga kivutike, hudhoofika, na mwoka mikate atalalamika ingawa karatasi ya maabara inapendeza. Kwa hiyo pimeni uzito wa punje 1,000 na uzito wa hektolita (punje zinazojaa lita 100), kila ploti, bila kuruka.

4. Mahindi yaliyoteswa na ukame na joto hushikwa na kuvu anayetoa sumu ya aflatoksini yangali shambani, si ghalani tu. Mwaka 2004, kule Makueni, Kitui na sehemu za jirani, sumu hiyo iliua watu zaidi ya 100. Bado namwona mtu akichota kiganja juu ya gunia na kuita sampuli! Kuvu hukaa mafungu mafungu. Chomeni bambo, ule mrija wa kutolea sampuli guniani, juu, katikati na chini, magunia mengi, mchanganye vizuri ndipo mpeleke maabara. Na msimu ujao, kwenye fomu, nataka tarehe ya nywele kutoka na siku ngapi zilipita bila mvua.